Anayekwenda na Wanaobaki: Mwongozo wa Kumtuma na Kumtegemeza Mmisionari

Maswali ni yaleyale. "Kuna dada kanisani kwetu anasema ameitwa misheni, tuanzie wapi?" "Tumeahidi kumchangia ndugu yetu, fedha tuzipitishe wapi?" "Mmisionari wetu ametuandikia mara moja tu tangu aondoke, tumfanyeje?" Nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe na mlangoni baada ya ibada, hadi nikaona heri niyaandike yote mahali pamoja.

Nakuandikia wewe unayebaki. Anayekwenda ana chuo, ana vitabu, ana wakufunzi. Anayebaki huambiwa "tuombeeni", akaachwa hapo. Lakini Paulo katika Warumi 10 hakuishia kwa mhubiri. Aliuliza pia watahubirije wasipopelekwa. Kupeleka ni kazi kamili, ina ufundi wake, na hujifunzwa kama kazi nyingine yoyote.

Nimekuwa katibu wa vikundi vya namna hii kwa miaka kadhaa. Mmisionari wa kwanza niliyeshiriki kumtuma hatukumwangusha kwa fedha, kwani zilimfikia kila mwezi. Tulimwangusha kwa kimya. Katika mwaka wake wa pili alituandikia barua ya maombi, ukurasa mmoja na nusu, akaituma kwa watu arobaini na kitu. Wiki sita zikapita bila jibu hata moja. Kisha usiku mmoja, saa nne, simu yangu ikalia kwa ujumbe mfupi: "Kaka, barua yangu ilifika?" Ilikuwa imefika. Nilikuwa nimeisoma, nikaiombea, nikaendelea na shughuli zangu. Nilikaa kitandani na simu mkononi nisijue nianzie wapi. Mengi utakayoyasoma hapa yalianzia usiku ule.

Kabla ya kuanza, hakikisha mna haya

- Mtu mmoja halisi (au familia moja) aliyesema wazi kwamba anaitwa. Msiunde kikundi cha "misheni kwa jumla". Kitakufa kabla ya mwaka.
- Baraka za uongozi wa kanisa, zilizoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.
- Watu watano hadi wanane walio tayari kujifunga kwa miaka, siyo miezi.
- Daftari la ahadi na daftari la fedha, mbalimbali.
- Akaunti ya benki ya kanisa au ya shirika la misheni, yenye watia sahihi zaidi ya mmoja.
- Siku maalumu ya kukutana kila mwezi. Msiseme "tutapanga", chagueni siku leo.

Hatua ya 1: Upimeni wito pamoja naye

Soma Matendo 13:1-3 polepole. Kanisa la Antiokia lilikuwa katika ibada na kufunga, Roho Mtakatifu akasema wamtengee Barnaba na Sauli. Angalia ni nani waliotajwa: watu wawili ambao tayari walikuwa wamefundisha pale mwaka mzima (Matendo 11:26). Kanisa liliwajua. Wito wao haukuwa habari mpya ya Jumapili moja.

Kwa hiyo keti na huyo anayesema ameitwa, mchukue muda, umuulize haya:

- Unafanya huduma gani sasa, na nani anakuona ukiifanya?
- Kwa nini watu wale, na kwa nini sasa?
- Mara ya mwisho kiongozi alipokurekebisha, ilikuwa juu ya nini, na ulilipokeaje?
- Una madeni? Una wazazi wanaokutegemea? Nani atabeba mzigo huo ukiwa mbali?
- Usipoweza kwenda, utaendelea kumtumikia Mungu wapi?

Kama ana mwenzi, zungumzeni na mwenzi peke yake. Nasisitiza: peke yake. Nimeona mke akiitikia kwa kichwa mbele ya mumewe, kisha akalia alipoulizwa faraghani. Wito wa mmoja katika ndoa bado haujawa wito wa familia, na kusubiri mwaka mmoja ni bora kuliko kuwarudisha nyumbani wakiwa wameumizana.

Mahali panapowezekana, aende kwanza kwa muda mfupi, wiki chache au miezi michache, akae na wale atakaowatumikia, kisha arudi aseme alichokiona.

*Kosa la kawaida:* kuona haya kuuliza, kana kwamba kuuliza ni kumtilia Mungu shaka. Aliyeitwa kweli hushukuru kuulizwa, maana maswali hayohayo yatamjia usiku akiwa peke yake ugenini, na itamsaidia kukumbuka kwamba aliwahi kuyajibu mbele ya ndugu zake.

*Kosa la pili,* ambalo viongozi hulifanya bila kulitambua: kumzuia kwa sababu ni mtu wa maana kanisani. Antiokia haikutoa masalio, ilitoa waalimu wake.

Hatua ya 2: Gawaneni kazi

Kikundi ambacho kila mtu anafanya kila kitu hakina anayefanya chochote. Wekeni majina kwenye kazi hizi:

- Mwenyekiti, anayeitisha vikao na kuzungumza na wazee wa kanisa.
- Mweka hazina, pamoja na mtu wa pili anayekagua hesabu.
- Katibu wa mawasiliano, anayepokea habari na kuzisambaza, na kuhakikisha kila barua imejibiwa.
- Kiongozi wa maombi.
- Mtu wa familia, anayewaangalia wazazi na ndugu waliobaki.
- Mtu wa dharura, anayejua nambari za bima, nakala za pasipoti ziko wapi, na nani wa kumpigia usiku.

Kazi ya mtu wa familia huchukuliwa kama nyongeza. Mimi naiweka karibu na ile ya mweka hazina. Mmisionari huko aliko, kinachomkosesha usingizi mara nyingi ni mama yake anayezeeka. Mtu wenu akimtembelea mama huyo kila mwezi, akampiga picha akiwa amekaa mlangoni, akaituma siku hiyohiyo, mtakuwa mmefanya kazi ambayo fedha haiwezi kuifanya. Mchagueni mtu mwenye moyo wa kukaa na wazee na kusikiliza.

*Onyo:* mchungaji asiwe mwenyekiti, wala asibebe kazi zaidi ya moja. Siku atakapohamishwa, kila kitu kitaondoka naye.

Hatua ya 3: Andikeni bajeti, na mmisionari akiwepo

Paulo alimwagiza Tito awasafirishe Zena na Apolo kwa bidii, wasipungukiwe na kitu (Tito 3:13). Hilo ndilo lengo la bajeti. Igaweni katika mafungu manne: maandalizi, safari, matumizi ya kila mwezi, na kurudi.

Nyumba, chakula na usafiri kila mtu huvikumbuka. Haya ndiyo yanayosahauliwa:

- Kujifunza lugha: ada ya mwalimu, pamoja na maisha ya kipindi chote ambacho hafanyi huduma nyingine.
- Viza na kibali cha kukaa, na kuvihuisha.
- Bima ya afya inayofanya kazi kule anakokwenda, ikiwa na kipengele cha kumsafirisha mgonjwa kutoka alipo.
- Masomo ya watoto.
- Akiba ya uzeeni. Wapo watu waliotumika miaka thelathini wakarudi bila paa la kulala chini yake. Tusiwafanyie hivyo wetu.
- Nauli ya msiba, akifiwa na mzazi.
- Makato ya kutuma fedha na kubadilisha sarafu.
- Miezi mitatu hadi sita ya kurudi, kabla hajapata pa kuanzia.

Juu ya hayo yote wekeni akiba ya dharura: matumizi ya miezi mitatu na nauli ya kurudi kwa kila mtu wa familia. Akiba hii haikopwi, hata na kanisa, hata kwa wiki moja.

Mmisionari mwenyewe atapunguza. Ataona aibu, ataandika kidogo kuliko anachohitaji. Ongezeni ninyi. Muulizeni mtu aliyeishi mji ule gharama halisi, msitegemee makisio.

Hatua ya 4: Kusanyeni ahadi kabla ya kununua tiketi

Tarehe 2 Oktoba 1792, katika mji wa Kettering huko Uingereza, wachungaji wachache wa Kibaptisti walikutana kwenye chumba cha nyumba ya mjane na kuanzisha chama cha misheni, ambacho baadaye kilimtuma William Carey na wengine. Walichoweka siku ile zilikuwa ahadi kwenye karatasi, paundi 13 na ushei. Andrew Fuller akawa katibu, akaifanya kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1815. Carey aliondoka 1793, akafa India mwaka 1834 bila kurudi kwao. Fuller alisimulia baadaye kwamba wao waliobaki walijiona kama watu waliomteremsha mwenzao kwenye shimo refu la machimbo, wakamwahidi kwamba hawataiachia kamba. Karatasi ile ya ahadi ndiyo mwanzo wa kamba, na ndiyo sababu nawaambia muanze na ahadi kabla ya changizo.

Changizo la siku moja huamsha watu, hutoa fedha nyingi, kisha huisha. Mmisionari anakula kila mwezi. Mnahitaji watu waliosema kiasi, tarehe na muda.

Hesabu ifanyeni hivi. Tuseme bajeti ya mwezi ni mafungu 100:

1. Kanisa lenyewe lichukue 30 kutoka mfuko wake.
2. Tafuteni watu 10 wa kutoa mafungu 4 kila mmoja. Hapo mna 70.
3. Tafuteni watu 20 wa kutoa mafungu 2 kila mmoja. Hapo mna 110.

Yale 10 ya ziada si anasa. Kila mwaka kuna atakayepoteza kazi, atakayehama, atakayefiwa. Na mtu mmoja asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano, hata akijitolea kwa furaha. Mtu mwenye kutoa mafungu 60 akihama mji, huduma imesimama. Isitoshe, bila kukusudia, ataanza kuonekana kama mwenye huyo mmisionari.

Namna ya kuomba ahadi pia hufundishwa. Usiombe kwa kuzungukazunguka. Mwendee mtu uso kwa uso, useme:

"Dada yetu anakwenda kwa miaka mitatu. Tunatafuta watu ishirini wa kutoa kiasi hiki kila mwezi. Nakuomba uliombee jambo hili kwa wiki moja, kisha uniambie kama unaweza, au unaweza kiasi gani, au huwezi. Jibu lolote nitalipokea."

Kisha baada ya wiki rudi ukaulize. Kutokurudi ndiko kunakofuta ahadi nyingi, kuliko ukosefu wa fedha. Usitumie hofu, wala usimwahidi mtu kwamba Mungu atamrudishia mara mia akitoa. Mwambie kazi ni nini na inagharimu kiasi gani.

*Sheria yetu, nami siivunji:* tiketi hainunuliwi hadi ahadi zimefikia bajeti yote ya mwezi na fedha ya maandalizi iko benki. Mtaambiwa hamna imani. Wekeni sheria hiyo hata hivyo. Aliyeondoka na nusu ya ahadi hutumia mwaka wake wa kwanza akiandika barua za kuomba fedha badala ya kujifunza lugha.

Hatua ya 5: Andikeni makubaliano, ukurasa mmoja

Yataje: anatumwa na nani, anafanya kazi chini ya nani huko aliko, kwa muda gani, likizo lini, ripoti mara ngapi, nani anaamua akitaka kuhama au kurudi, na itakuwaje akiugua. Watie sahihi yeye, kanisa, na shirika la misheni kama lipo. Ukurasa mmoja unatosha. Usiposomeka kwa dakika tano, hautasomwa siku ya shida.

Hatua ya 6: Fedha iende tarehe ileile, na hesabu zionekane

Paulo alipokuwa akibeba mchango wa makanisa alihakikisha hatembei nao peke yake, ili mtu asimlaumu, akijali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8:20-21). Fuateni hivyo:

1. Fedha zote ziingie kwenye akaunti ya kanisa au shirika. Hata siku moja zisipitie kwenye simu au akaunti ya mtu binafsi, hata kama ni mwaminifu. Hasa kama ni mwaminifu, maana mnamlinda.
2. Chagueni tarehe moja ya kutuma. Akijua ni tarehe 3, atapanga maisha yake. Fedha inayokuja "ikipatikana" humfanya akope.
3. Mtumieni ujumbe siku mlipotuma, mkitaja kiasi. Naye ajibu akipokea.
4. Kila robo mwaka, watoaji wote wapate karatasi fupi: kilichoingia, kilichotumwa, kilichobaki.
5. Ulizeni mapema sheria za nchi zote mbili juu ya kutuma fedha nje na juu ya kodi.

Hatua ya 7: Siku ya kuaga

Muwekeeni mikono, mkabidhini kwa neema ya Mungu, iwe ibada na isiwe sherehe ya kuonyesha watu. Wazazi wake wasimame mbele pamoja naye. Wao nao wanatoa. Na jambo dogo: siku hiyo msimpe zawadi kubwa za kubeba. Mizigo ya ndege ina kilo zake.

Hatua ya 8: Maombi na mawasiliano, kila wiki

Hapa ndipo vikundi vingi hufa, tena kimyakimya, huku fedha bado ikienda.

Anza na maombi, uyape saa na majina. Mwaka 1727, Wamoravia wa Herrnhut huko Ujerumani, wanaume 24 na wanawake 24, waligawana saa za siku ili maombi yasikatike. Zamu hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka mia moja, na kuanzia 1732 walianza kutuma watu wao mbali, wa kwanza wakienda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi. Ninyi hamtaanza na saa 24. Anzeni na siku saba: kila siku ya wiki iwe na mtu wake mwenye jina, na ajue kwamba Jumatano ni yake. "Sote tutamwombea" huishia kwenye Jumatano isiyo na mtu.

Barua au ujumbe wake ukifika, fuateni haya:

1. Ndani ya siku mbili, katibu ajibu, hata kwa mistari mitatu.
2. Jibu litaje kitu alichokiandika. Usijibu "Ubarikiwe, tunakuombea." Andika: "Tumesoma habari za jirani yako aliyekataa kukusalimu. Jana usiku tulimwombea kwa jina. Je, ile paa inayovuja imezibwa?"
3. Mpe habari za nyumbani pia: nani amejifungua, nani anaumwa, kwaya imeimba nini. Anakosa mambo madogo, na hayo ndiyo yanayomweka bado ndani ya kanisa lake.
4. Mpigieni mara moja kwa mwezi kwa saa aliyoichagua yeye. Anzeni kwa kumuuliza habari zake kabla ya habari za kazi.

Waliobanwa na kazi huona haya kuomba vitu vidogo. Paulo hakuona haya. Akiwa kifungoni alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, na vitabu, na tena ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi (2 Timotheo 4:13, 21). Mtume mzima, anahitaji nguo ya kujifunika. Basi muulize wako waziwazi: "Unahitaji joho gani?" Tuliwahi kuuliza hivyo, tukitarajia kusikia vifaa vya kufundishia. Jibu lilikuwa miwani ya kusomea, kwa sababu ile ya zamani aliikalia miezi minne iliyopita, na tangu hapo alikuwa akisoma kwa kushika kioo kimoja karibu na jicho.

*Onyo la usalama, tafadhali lisome mara mbili.* Kuna nchi ambako kuhubiri Injili kwa uwazi kunaweza kumfukuzisha mmisionari, na kumtia mwamini mwenyeji kwenye hatari kubwa zaidi. Kabla hajaondoka, kubalianeni maneno ya kutumia na yasiyotumiwa katika ujumbe. Msisambaze jina lake, mji wake wala picha bila ruhusa yake. Picha ya mwamini mpya akibatizwa ni furaha kwenu, ila yeye ataishi mtaa uleule baada ya mmisionari kuondoka. Mkiwa na shaka, msiitume.

Hatua ya 9: Msihesabu vichwa

Mwaka wa kwanza ripoti zake zitajaa lugha, ugonjwa wa tumbo na foleni za vibali. Kuna mtoaji atakayeuliza, "Ameokoa wangapi?" Mwandaeni mtoaji huyo mapema. Mmisionari Adoniram Judson alifika Rangoon, Burma (sasa Myanmar), mwaka 1813. Mwongofu wake wa kwanza alibatizwa 1819. Carey alifika Bengal, India, 1793, na Mhindu wa kwanza katika kazi yake, Krishna Pal, alibatizwa mwishoni mwa 1800. Vikundi vyao vilisubiri miaka sita na miaka saba.

Mkimsukuma kwa takwimu, mtamfundisha kutuandikia tunachotaka kusikia. Muulizeni badala yake: Amejifunza nini? Amefanya urafiki na nani? Anasoma nini katika Biblia? Analala vizuri?

Hatua ya 10: Mtembeleeni

Wafilipi walimtuma Epafrodito, mtu wao, abebe mchango na amtumikie Paulo. Aliugua karibu na kufa (Wafilipi 2:25-30). Mkiweza, watu wawili waende mara moja katika kipindi chake. Waende kukaa naye, kufua naye, kutembea naye. Msiende na watu kumi na kamera. Mwenyeji wa watu kumi hapumziki.

Hatua ya 11: Mpokeeni akirudi

Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia, walilikutanisha kanisa, wakaeleza yote Mungu aliyoyafanya, kisha wakakaa na wanafunzi muda usio mchache (Matendo 14:26-28). Kueleza na kukaa. Sisi tunampa dakika kumi za Jumapili kisha tunampangia ratiba ya makanisa kumi na mawili.

1. Mwezi wa kwanza asihubiri popote, isipokuwa ameomba mwenyewe.
2. Mtafutieni pa kukaa kabla hajatua.
3. Watu wawili wakae naye jioni kadhaa wamsikilize tu, pamoja na yale yaliyoharibika.
4. Afanyiwe uchunguzi wa afya. Kama kuna mshauri nasaha anayeaminika, azungumze naye.
5. Watoto wake waangaliwe kipekee. Kwao, "nyumbani" ni kule walikotoka.
6. Ahadi za watoaji ziendelee hadi miezi ya kurudi iishe.

Mambo yakikwama

Ahadi zinapungua. Mweka hazina ampigie kila aliyekosa miezi miwili, kwa upole, kuuliza hali yake kwanza. Mara nyingi kuna ugonjwa au kazi iliyopotea, na anayehitaji kuombewa ni yeye. Mfungueni ahadi yake bila lawama, kisha tafuteni mwingine. Upungufu ukipita sehemu moja ya kumi kwa miezi mitatu, mwambieni mmisionari. Asije akaligundua dukani.

Thamani ya sarafu imeshuka. Rudieni bajeti mara moja. Msingoje mwisho wa mwaka, na msimwambie "vumilia".

Haandiki. Msianze kwa kumkemea. Mpigieni. Kimya kirefu mara nyingi ni uchovu, ugomvi na wenzake, au huzuni asiyoweza kuiandikia watu arobaini. Mpeni mtu mmoja anayemwamini awe anazungumza naye faraghani. Vilevile jiulizeni mlijibu barua yake ya mwisho lini.

Amegombana na wenzake wa kazi. Sikilizeni pande zote kupitia shirika au kanisa la huko. Msimtetee kwa upofu, wala msimhukumu kwa barua ya mtu mmoja.

Anataka kurudi kabla ya wakati. Mpeni nauli kutoka akiba ya dharura, kisha mjadiliane akiwa nyumbani. Yohana Marko aliwaacha Paulo na wenzake njiani (Matendo 13:13), na jambo hilo likawatenganisha Paulo na Barnaba. Miaka baadaye Paulo huyohuyo aliandika aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Msimfungie mtu mlango kwa safari moja.

Msiba umemkuta huko. Mmisionari Johann Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa wa homa. Siku hizi tuna simu na ndege. Mtu wa dharura ampigie saa hiyohiyo, kikundi kimtume mtu wa kukaa naye ikiwezekana, na uamuzi wa kurudi au kubaki usidaiwe wiki ya mazishi.

Uongozi mpya wa kanisa hauijui kazi hii. Mpelekeeni mchungaji mpya yale makubaliano ya ukurasa mmoja na barua tatu za mwisho. Muombeni ampigie mmisionari yeye mwenyewe, hata dakika tano.

Tumekaa kimya muda mrefu, sasa tunaona aibu kuandika. Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kabisa. Andikeni leo, kwa ufupi. Msitume maelezo marefu ya kwa nini mlinyamaza. Wafilipi nao kuna kipindi walikosa nafasi ya kumsaidia Paulo, na waliporudi aliwapokea kwa furaha kubwa bila kuwadai maelezo (Wafilipi 4:10). Usiku ule mimi niliandika: "Ilifika. Nisamehe sikujibu. Mtoto anaendeleaje na ile homa uliyoiandika?" Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu chini. Homa ilikuwa imeisha wiki tano zilizopita, na kwa muda wa nusu saa akanisimulia ilivyokuwa.